Miaka Kumi na Miwili Mbele ya Kathure

Nyinyi vijana wa kambi ya mbio ya Kibugu, hapa Embu, mmenisumbua sana na swali moja. Kila nikipita pale uwanjani mnaacha kunyoosha miguu, mnaniita, "Mzee Njeru, kwani Kathure ni mtu wa aina gani?" Mnaiona sura yake kwenye televisheni, mnamsikia akiongea na taifa zima, na mmeambiwa kwamba mimi nilikuwa naye tangu zile siku za marathoni. Basi nimeamua kuandika, kwa sababu nikijibu kwa mdomo huwa nachanganyikiwa katikati, na nyinyi mnarudi mazoezini bila jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba sijui. Msicheke. Kwa miaka kumi na miwili nilikimbia mbele ya yule mama, yeye akiwa hatua mbili nyuma yangu. Anaujua mgongo wangu mpaka lile kovu la begani nililopata nikianguka kutoka kwa baiskeli. Mimi sikuwahi kumwona akikimbia, ila kwenye televisheni. Nilimjua kwa masikio. Akivuta pumzi mara mbili na kutoa mara moja, yuko sawa. Akianza kutema mate, nipunguze kidogo. Akinyamaza kabisa, hapo kuna shida, na ni lazima niamue haraka.

Kazi yangu ilikuwa kuweka pesi. Watangazaji wa redio husema "mweka kasi". Unaajiriwa uongoze mbio kwa mwendo mliokubaliana, umkinge mwenzako na upepo, umfikishe kilomita ya ishirini na tano ama thelathini, kisha utoke pembeni, yeye aende kushinda. Wanaume wengi hawakuitaka kazi hii, hasa kumwekea mwanamke. Mimi niliipenda. Nilikuwa na miguu mizuri, lakini mbio zikifika kilomita ya thelathini na tano moyo wangu ulikuwa ukiniambia twende nyumbani, na mimi nilikuwa naukubalia.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Ireri, mzee mmoja aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi hapa hapa Kibugu. Alikuwa na baiskeli nyeusi iliyopiga kelele kuliko posho mili ya kusaga mahindi. Siku ya kwanza alininyang'anya saa. Tukapanda ile barabara ya mashamba ya majani chai, yeye kwa baiskeli, mimi kwa miguu, na tulipofika juu akaniuliza, "Tumetumia dakika ngapi?" Nikikosea kwa zaidi ya sekunde tano, tunashuka, tunapanda tena. Mlima wenyewe mnaujua. Baada ya miezi minne nilikuwa naweza kukwambia dakika na sekunde huku nimefumba macho.

Siku moja nilikuwa nimejisikia mwepesi sana, nikaenda mbio kama mbuzi aliyefunguliwa. Mwalimu akanifikia juu akihema.

"Njeru, hizi mbio ni za nani?"

"Ni zangu, Mwalimu."

"Hapana. Wewe unakimbia za mwingine. Wacha kufurahia zako."

Leo nyinyi mna saa zinazoongea. Mwaka juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu uwanja fulani wa ng'ambo wenye taa za kijani zinazozunguka ukingoni, na wakimbiaji wanazifuata. Nikamuuliza, "Na upepo ukija kutoka kushoto, hizo taa zinahama kushoto zimkinge mtu?" Akasema hapana. Nilifurahi kidogo, lakini mpaka leo sielewi. Mtu anawezaje kufuata kitu kisichochoka?

Kuna mambo taa haziwezi kuwafundisha. Ukitaka kutoka mbioni, usisimame mbele ya mtu. Sogea kulia hatua kwa hatua, tazama kama kuna meza ya maji, punguza, kisha toka. Na kabla mbio hazijaanza, weka ndani ya kaptula karatasi yenye jina la hoteli yenu. Mimi nililijua hilo baada ya kutoka kilomita ya thelathini katika mji mmoja wa baridi kali, nikiwa na fulana na kaptula tu, na hakuna mtu aliyejua Kiswahili wala Kiingereza changu. Nilisimama kwenye kituo cha basi nikitetemeka mpaka mama mmoja mzee akavua koti lake refu la maua akanivisha. Baada ya kuzunguka mitaa mingi niliingia hotelini nikiwa nalo. Kathure alikuwa ameshinda siku hiyo, waandishi wa habari wamemzunguka. Aliponiona alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na medali yake.

Kathure nilimkuta mara ya kwanza Timau, huko Meru. Meneja wetu alikuwa amekodisha vyumba karibu na mashamba makubwa ya ngano, na upepo wa pale mnaambiwa ni upepo, lakini mimi nawaambia ni kisu. Mama yake Kathure alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua, na Kathure alikuwa amelelewa hapo, kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa akila kama mtu wa mjengo aliyebeba mawe kutwa. Alinipa mkono akaniuliza, "Wewe ndiye mtu wa Embu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa. Usiende mbio sana, usiende pole sana." Hayo ndiyo yalikuwa maagizo yangu kwa miaka kumi na miwili.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Hata na hilo, sijui kama mtaelewa.

Kulikuwa na mbio ambazo Kathure alikuwa amejiandalia mwaka mzima. Barabara ile ilikuwa na mbio mbili siku moja: zetu, na nyingine fupi zilizoanzia mahali tofauti. Vibao vya kilomita vilikuwa vya rangi mbili, bluu na njano. Katika mkutano wa jioni tulielezwa ni rangi gani tufuate. Mimi nilikuwa na usingizi wa ile safari ndefu ya ndege. Asubuhi nikafuata njano.

Kibao cha njano cha kilomita tano kilikuwa mbele ya kile chetu kwa zaidi ya nusu kilomita. Nilipokifikia nikaangalia saa, nikaona tumechelewa karibu dakika mbili. Nilishtuka. Mwili uliniambia mwendo ni ule ule tuliokubaliana, masikio yaliniambia Kathure yuko sawa, lakini kibao kilisema vingine. Nikaamini kibao. Nikaongeza. Kila kibao cha njano kilinisukuma zaidi. Nyuma yangu nikasikia anaanza kutema mate, na sikupunguza. Baadaye akanyamaza. Hata hivyo sikupunguza. Na yeye hakusema neno, alinifuata tu, kwa sababu hajawahi kunifuata akapotea.

Nilitoka kilomita ya ishirini na tano nikijisifu kwamba nimemwokoa. Nikapanda gari la wasimamizi. Tulipompita alikuwa anatembea, amejishika kiuno, midomo myeupe. Alimaliza wa tisa. Ndipo msimamizi mmoja akanionyesha kibao cha bluu kwa kidole, nikakumbuka mkutano wa jioni.

Meneja alikuwa tayari ameamua kunifukuza. Aliniambia nikisimama pale pale, mbele ya chumba cha waandishi wa habari. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona Kathure amekaa amefunikwa taulo. Mwandishi mmoja akamuuliza kwa nini mweka kasi wake alikwenda mbio vile. Kathure akamtazama machoni, akasema, "Mimi ndiye nilimwambia aongeze. Nilijisikia vizuri. Kosa ni langu."

Aliongopa bila kupepesa jicho. Mtu yeyote angemwamini. Hata mimi, niliyejua ukweli, kwa sekunde moja nilijiuliza kama kweli aliniambia nikasahau.

Baadaye tulikutana kwenye ngazi za hoteli. Nilitaka kuomba msamaha, lakini yeye akatangulia.

"Rangi ni gani?" akaniuliza.

"Bluu."

"Haya. Twende tukule."

Hakuligusia tena jambo hilo. Meneja hakuweza kunifukuza. Nilibaki na kazi yangu miaka saba zaidi kwa ajili ya uongo ule.

Kathure alipoacha mbio, wanawake wa mashamba ya maua walimfuata nyumbani. Walikuwa na malalamiko kuhusu dawa wanazopulizia bila glavu, na walisema yeye ndiye mtu wao pekee ambaye mabwana wa pale wangemfungulia mlango. Mwanzo hakujua kuongea. Mkutano wake wa kwanza alisema sentensi nne akakaa, na mimi niliyekuwa nimemshikia begi nilimwonea huruma. Lakini alijifunza vile alivyojifunza kupanda mlima, kidogo kidogo na bila kusimama. Akawa mbunge. Akawa kiongozi wa chama. Na siku moja akatangaza kwamba anataka kuongoza nchi.

Shida yake ilikuwa Embu. Mnajua watu wetu. Walisema, "Huyu ni Mmeru, akachukue kura kwao." Akanipigia simu. Nilikuwa shambani nikichuma majani chai.

"Njeru, nataka usimame ubunge huko kwenu. Kwa tikiti ya chama changu."

Nilifikiri ni mzaha. "Mimi nasimama nikiwa nani?"

"Ukiwa wewe. Wanakujua."

Wawira, mke wangu, mama wa binti yetu Muthoni, alisema nimeshazeeka mno kwa mambo kama hayo. Lakini nilizunguka miezi minane, kijiji kwa kijiji, na kitu cha ajabu kikatokea: niliipenda kazi ile. Watu walinipigia makofi mimi, si mtu aliye nyuma yangu. Na walianza kuniletea shida zao. Kubwa ilikuwa daraja. Nyinyi mmelikuta la simiti, lakini wakati ule lilikuwa magogo tu, na mvua ikinyesha lori la majani chai halivuki. Akina mama walikuwa wanabeba majani mgongoni, wanazunguka juu karibu na msitu, na wakifika kituo cha kuuzia majani yamegeuka rangi, yanakataliwa. Jirani yangu Mama Murugi aliteleza na mzigo akavunjika mkono. Nilimshika ule mwingine mbele ya watu nikamwahidi daraja.

Siku chache kabla ya kupeleka makaratasi ya uteuzi, redio ikasema asubuhi kwamba chama cha Kathure kimeelewana na chama kingine chenye nguvu hapa Embu. Alasiri Kathure akaja mwenyewe. Aliacha gari barabarani akapita katikati ya majani chai kwa miguu, kama zamani.

"Karibu, Mheshimiwa," Wawira akamwambia mlangoni.

"Mama Muthoni, tangu lini nikawa Mheshimiwa katika nyumba hii?"

"Tangu asubuhi, redio ilipoongea."

Tukakaa jikoni. Wawira akampakulia mukimo wa viazi na mahindi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kathure akala kidogo, kisha akasema, "Njeru, hawa wenzetu wataniunga mkono kitaifa. Lakini wamesema kiti hiki ni chao."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hatutapeana tikiti hapa."

"Hamtapeana, ama hamtanipea mimi?"

"Njeru."

"Nauliza tu nielewe. Mlinisimamisha nishinde, ama mlinisimamisha ili wenzenu waogope, wakuje mezani?"

Alitafuna, akameza. Aliniangalia machoni.

"Mwanzo ilikuwa ushinde," akasema.

Vijana wangu, nimeyarudia maneno hayo matano… hapana, ni matatu, nimeyarudia mpaka hata hesabu yake inanipotea. Yalikuwa macho yale yale aliyomtazama nayo mwandishi wa habari. Siku ile yalikuwa yanaongopa kwa ajili yangu. Siku hii yalikuwa yanafanya nini? Nikajaribu kusikiliza pumzi zake, lakini mtu anayekula huwezi kumsikia pumzi.

Wawira akanyoosha mkono akachukua sahani.

"Sijamaliza, mama," Kathure akasema.

"Umemaliza," Wawira akasema.

Alipoondoka, Wawira na majirani walinisihi nisimame kama mgombea huru. Wengine walisema nitashinda hata bila chama. Labda ningeshinda. Nilikwenda shambani siku mbili nikachuma bila kuona ninachochuma, kikapu kikajaa majani yaliyokomaa, yasiyofaa. Mwishowe nikakubali kutoka. Mniulize kwa nini. Mara nyingine nasema ni shukrani kwa ajili ya vibao vya njano. Mara nyingine nasema niliogopa. Na mara nyingine nafikiri nilitoka kwa sababu tu nilikuwa nimezoea kutoka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilitangaza sokoni, nimesimama juu ya kreti ya soda. Watu hawakupiga kelele kama nilivyotarajia. Mama Murugi alikuwa mbele, mkono bado ndani ya plasta.

"Kwa hivyo, Njeru, miezi minane ulikuwa ukitufanyisha mazoezi?"

Wachache wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

"Na daraja?" akauliza.

"Nitafuatilia, mama."

"Utafuatilia ukiwa nani?"

Nilishuka kwenye kreti. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikifika kituo cha majani mazungumzo yalikuwa yakikatika, na mtu anaanza kuuliza kuhusu mvua.

Uchaguzi ulipita. Kathure hakushinda, lakini kura zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba waliounda serikali walimwita, na sasa ni waziri mkubwa kama mnavyomwona. Yule mtu wa chama cha wenzao alichukua kiti chetu. Na kabla ya mvua za mwaka uliofuata, wakaja watu wa vipimo, wakaja watu wa simiti, likajengwa daraja. Mbunge alilifungua kwa mkasi na utepe akasema ni kazi yake. Lakini msimamizi wa mafundi, aliyekuwa akinunua maziwa kwetu, aliniambia, "Mzee, hii kitu haikuwa kwa mpango. Simu ilitoka juu, kwa Waziri."

Nilimwambia Mama Murugi. Akasema, "Simu gani? Hata wewe wacha."

Basi Kathure alipokuja Embu kwa sherehe fulani, nilipanga foleni na wengine kumsalimu. Aliponiona akatoka kwenye msafara.

"Njeru! Mgongo unaendelea aje?"

"Upo. Kathure, nataka kukuuliza. Lile daraja la Kibugu ni wewe?"

Aliniangalia machoni, akakunja uso.

"Daraja gani?" akasema. Akanigonga begani, pale pale kwenye kovu, akaenda kusalimia maaskofu.

Hapo ndipo nilipofika. Kama ni yeye, alificha wema wake vile alivyoficha kosa langu, na mimi nimemhukumu bure. Kama si yeye, basi hata lile daraja hakulijua, na ahadi niliyompa Mama Murugi ilikuwa ya kusaidia mapatano ya watu wengine tu. Nimeigeuza hii kila upande. Mwalimu Ireri angekuwa hai ningemuuliza, lakini naye angeniambia tu tushuke, tupande tena.

Nimebakisha jambo moja. Nililiruka makusudi nilipofika kwenye uchaguzi.

Wawira alikuwa ameapa kwamba katika nyumba yetu hakuna kura ya Kathure, na mimi niliitikia. Tulipanga foleni pamoja pale shuleni tangu asubuhi, sisi wawili hatuongei sana. Nikaingia nyuma ya lile boksi la kupigia kura nikafungua karatasi. Picha yake ilikuwa ya tatu kutoka juu. Walikuwa wamempaka poda, lakini alikuwa yeye. Nilisimama pale mpaka karani akakohoa. Nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza.

Nje Wawira aliniuliza, "Umempa?"

"Sijampa," nikasema, nikimwangalia machoni.

"Vizuri," akasema, na tukatembea kwenda nyumbani.

Nilimpa. Sijui kama nilifanya sawa, na sijawahi kumwambia. Lakini Wawira alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na sipeleki karatasi yoyote mahali kabla hajaipitia kwa kalamu yake nyekundu, akakata asichokitaka. Kwa hivyo, vijana, kama mmefika hapa na sehemu hii bado ipo, basi ameisoma, na ameiacha.